Kovu Nililolihamisha

Sikuwa nimekunywa. Nimelelewa Msabato, wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Nyanchwa, karibu na kanisa, na kitu kikali zaidi nilichowahi kumeza ni dawa ya kikohozi. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila ninapofika kwenye sehemu ya yule mama mwenye leso, hakosi mtu wa kuniuliza nilikuwa nimeonja nini. Sikuonja kitu. Sikuwa na homa wala usingizi. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa mchana, mjini Kisii, na mvua yetu ya kila siku ilikuwa ikinyesha. Ukitaka usiniamini, ni haki yako. Lakini nisikilize hadi mwisho, maana aibu iliyomo humu si ya huyo mama. Ni yangu.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mchoraji wa kujitegemea. Sikuwa na bosi. Nilikuwa na meza, rula ya chuma, wembe, kalamu tatu za wino, na chumba kimoja ghorofani juu ya matbaa ya Kanti, Mhindi ambaye baba yake alifungua duka mjini kabla mimi sijazaliwa. Mimi nilichora, Kanti akachapa. Kadi za harusi, lebo za sabuni, kalenda za maduka, karatasi za wagombea msimu wa kura ukifika. Lakini kilichonilisha hasa kilikuwa programu za mazishi. Watu wa kwetu wanaweza kukosa pesa za dawa, lakini mtu wao hazikwi bila karatasi yenye picha yake.

Nilikuwa na maoni mengi kuliko wateja. Mteja akija anataka mawaridi pembeni, njiwa juu, mshumaa chini na herufi za aina tano. Mimi niliamini kwamba mtu anayetumia aina tano za herufi kwenye ukurasa mmoja anaweza kuiba hata sadaka. Tulibishana mchana kutwa, na mara nyingi nilishinda, kwa kuwa nilikuwa na ulimi, nao walikuwa na msiba. Wakati huo sikuliona hilo kama jambo la kuonea haya.

Katika maoni yangu yote, moja nililishika kama amri ya kumi na moja: uso wa mtu lazima utazame ndani ya karatasi. Ukitazama nje, macho ya msomaji nayo hutoka nje, na ukurasa unakufa. Kanti alinicheka. Yeye alitaka tu wino usisambae.

Basi siku moja akaja kijana anaitwa Makori, kutoka Gesima, kule juu kwenye chai. Alikuwa amefiwa na mama yake, Moraa, na alibeba picha kwenye bahasha, ndani ya Biblia. Akaniambia niitunze kama jicho langu, maana ndiyo pekee waliyo nayo. Mama yake hakupenda kamera, na kitambulisho chake kilikuwa kimekwisha kurudishwa kwa chifu Makori alipokwenda kuchukua kibali cha mazishi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yuko kwa fundi.

Ilikuwa picha nzuri. Mama wa miaka sitini hivi, amegeuza uso kidogo, ana kovu la moto chini ya jicho la kushoto, na mabegani amejifunga leso yenye maandishi: MWENYE MACHO HAAMBIWI TAZAMA. Nilipiga filamu yake kwa ile kamera kubwa ya matbaa, nikaiweka juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, na hapo ndipo nikaona tatizo. Anatazama nje ya karatasi.

Ningeweza kuhamisha picha upande wa pili. Lakini maandishi nilikuwa nimeshayabandika, mstari kwa mstari, na kuyabandua kungekula nusu saa yangu. Nikachukua filamu, nikaigeuza kifudifudi. Mara moja mama akatazama ndani, ukurasa ukatulia, nikafurahi. Kovu sasa lilikuwa chini ya jicho la kulia. Maandishi ya leso yalisomeka kinyumenyume, kwa hiyo nikayakata, nikaacha kichwa na shingo tu. Hapo shika vizuri. Nilikata leso kwa sababu nilijua ingenisema. Usije ukaniambia nilikosea kwa bahati mbaya.

Kanti alipopokea kazi aliitazama kwa muda akasema, "Umegeuza? Uso wa mtu si chapa ya sabuni, bwana." Nikamwambia achape.

Makori alirudi kuchukua karatasi zake, na safari hii alikuja na baba yake, Mzee Ombui. Mzee alivaa koti zito na gambuti za shambani, na alipanda ngazi zangu polepole. Alichukua karatasi moja, akaipeleka dirishani penye mwanga, akakaa nayo. Wateja wengine wawili walikuwa wakingoja zamu yao.

"Huyu ni Moraa," akasema. "Lakini hii kovu si upande yake. Kovu iko huku." Akagusa shavu lake la kushoto.

Je, ilikuwa vigumu kusema, samahani mzee, nimegeuza, nipe siku moja nirekebishe? Karatasi mia mbili zilikuwa zimeshachapwa. Wateja wananitazama. Nikacheka, Mungu anisamehe, nikamweleza kwa upole wa mtu aliyesoma kwamba ukisimama mbele ya mtu, kulia kwake ni kushoto kwako, na hilo huwachanganya wazee wengi. Nikamwambia ajaribu. Akajaribu. Akasimama mbele ya mwanawe, akanyanyua mkono huu, akaushusha, akanyanyua ule, akashika shavu, akageuka. Wale wateja wawili wakaanza kucheka, na mimi nikacheka nao.

Mzee akashusha mikono. "Mimi nimelala kando ya huo uso miaka arobaini na moja," akasema. "Nikilala upande yangu, kovu ilikuwa karibu na mimi."

Nikamwambia, "Mzee, umri unakula kumbukumbu. Picha ndiyo hiyo, mimi sikuongeza kitu."

Akaomba aione ile picha yenyewe. Nikasema imebaki kwenye mashine chini, nitaituma. Makori, kwa haya ya mbele za watu, akamshika baba yake mkono akamwambia, "Tata, twende." Wakaenda. Mimi nikatoa ile picha kwenye droo, nikaitazama mara moja, nikaichana vipande vidogo, nikaitupa chooni. Jicho lao nililokabidhiwa. Baadaye nikatuma salamu kwamba imepotea.

Utauliza, watoto wake hawakujua kovu la mama yao liko wapi? Na mimi nakuuliza wewe: mtu wako mwenye alama usoni, alama iko upande gani? Tazama unavyoanza kujishika shavu mwenyewe. Matangani pale Gesima, nilisikia, watu walibishana, nusu wakisema kulia, nusu kushoto, na mwisho wakafanya wanalofanya watu wote. Waliamini karatasi.

Ikapita kama miezi miwili. Ndipo ikaja ile Ijumaa niliyokutajia mwanzo.

Mji ulikuwa unajiandaa kwa Sabato, watu wamepungua, mvua inapiga bati. Nilikuwa nimeinamia meza nikichora lebo ya unga. Nikasikia mtu ameingia, nikainua kichwa, nikaona mama mzima amesimama karibu na meza. Akanipa mkono wa kushoto. Nikaudhika kidogo, maana kwetu husalimii mtu kwa kushoto, lakini ni mama, nikaupokea. Ulikuwa mkono wa kawaida, wenye vidole vigumu vya mchuma chai.

Macho yangu yaliona maandishi kabla ya kuona uso. Ni ugonjwa wa kazi. Kwenye leso yake herufi zilikuwa zimegeuka, kama zinavyokaa kwenye filamu iliyolala kifudifudi. Sisi watu wa matbaa tunasoma kinyume bila shida. Nikasoma: MWENYE MACHO HAAMBIWI TAZAMA. Na nilikuwa bado nikijiuliza ni kiwanda gani kilichopiga chapa vibaya namna hiyo, nilipoinua macho nikaona kovu. Chini ya jicho la kulia. Alikuwa vilevile nilivyomtengeneza.

Sikupiga kelele. Kiti changu kilikuwa kimeegemea ukuta, pa kukimbilia hapakuwapo. Nilihisi mkojo, nalisema wazi.

"Nirudishe upande wangu," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyeleta kadi yake imeandikwa jina vibaya.

Akaendelea, kwa Ekegusii sasa, taratibu, na yote aliyosema nayakumbuka. Kwamba tangu azikwe hajafika nyumbani. Kila akishika njia ya mlangoni kwake anajikuta mtoni. Lakini hilo si kubwa, akasema, yeye angevumilia. Kubwa ni mzee wake. Mzee Ombui alikuwa ndiye anayeitwa kijiji kizima watu wakigombania mpaka, kwa sababu anakumbuka kila mkonge ulipandwa wapi na nani. Sasa jirani yao Onyancha ameng'oa mkonge wa mpaka na kuingia ndani ya chai yao. Jumatano naibu wa chifu atakuja kusikiliza. Na Onyancha anasema, mtu asiyejua shavu la mkewe atajuaje mpaka?

"Nenda useme," akaniambia. "Neno moja tu. Sema ni wewe."

Nikaitikia kwa kichwa. Ningeitikia chochote.

Akageuka aondoke. Niamini, hapa ndipo ninapoona aibu kuliko pale pa hofu. Mlango wangu uko kulia mwa meza. Yeye alikwenda kushoto, akagonga ukuta. Akaupapasa kwa viganja viwili, juu, chini, kama mtu anayetafuta komeo gizani, mtu mzima, mama wa watu, mchana kweupe. Mimi nimekaa natazama. Akaufuata ukuta kwa mikono hadi akazunguka chumba kizima na kuupata mlango. Nikasimama dirishani. Chini barabarani gari za Nyamira, za kwenda kwao Gesima, zilikuwa upande mmoja, naye akashika upande mwingine, kuelekea Migori, leso imemlowa, hadi nikampoteza.

Jumatano nilikwenda Gesima. Hilo angalau nihesabiwe. Nilipanda kilima kati ya chai nikiwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga kama ninavyopanga ukurasa. Watu walikuwa wamekusanyika penye mpaka, naibu wa chifu kwenye kiti, wazee kwenye majani, na Mzee Ombui amesimama akionyesha kwa fimbo mahali mkonge wa kwanza ulipokuwa. Aliutaja mwaka, aliyeupanda, na mvua iliyonyesha siku hiyo. Watu walikuwa wanamsikiliza.

Kisha Onyancha akatoa karatasi mfukoni, akainyanyua juu. Ilikuwa kazi yangu. Kutoka mbali niliitambua, na unajua wazo langu la kwanza lilikuwa nini? Kwamba inaonekana vizuri hata kwa mbali.

Onyancha akasema alichosema. Watu wakacheka. Halafu mtu mmoja akanitambua, akasema fundi aliyeitengeneza ni yule pale, aulizwe. Wakanigeukia wote. Mbele kabisa alikuwa amekaa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anataka udiwani, na alikuwa ameniahidi kazi ya karatasi zake zote. Mzee Ombui alinitazama. Hakunitazama kwa ubaya. Alinitazama kama mtu aliyeona msaada unakuja.

Naibu wa chifu akaniuliza, "Wewe, hii picha ilikuwa hivi?"

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Nikafikiri watakavyoniuliza picha yenyewe iko wapi. Nikafikiri chooni. Nikasikia sauti yangu inasema, "Picha haisemi uongo, mheshimiwa."

Ni hayo tu. Maneno matatu na heshima juu yake.

Mzee Ombui akasema, "Kumbe." Akaweka fimbo chini. Naibu wa chifu alipomwambia aendelee na mkonge wa pili, mzee akasema, "Ulizeni watu wengine. Mimi sijui tena." Na Onyancha akapewa mistari minane ya chai.

Nilishuka kile kilima mbiombio kama mwizi. Chini, karibu na mto, nilimwona tena. Alikuwa upande wa pili wa ua wa miti, anaupapasa, anatafuta lango ambalo liko nyuma yake. Akanisikia, akaacha. Aliinua mkono, akajifuta shavu moja polepole, kisha la pili, akinitazama usoni. Nikakimbia.

Sasa sikia. Mimi nilizaliwa na baka jeusi, ukubwa wa punje ya harage, kwenye shavu la kulia. Tangu nianze kunyoa ndevu, wembe ukifika pale kulia mimi hupunguza mwendo na kuzunguka. Alhamisi asubuhi, Nyanchwa, nimepaka povu, natazama kioo, mkono ukafika pale ukapunguza mwendo. Hapakuwa na kitu. Shavu laini. Nikapitisha wembe shavu la kushoto bila wasiwasi, kama kila siku, nikajikata. Baka lilikuwa pale.

Nilikwenda kwa Kanti. Akaniambia siku zote liko kushoto. Nikaenda kwa mama yangu aliyenizaa, kule Kiogoro, nikamwomba aniambie bila kufikiri. Akanishika shavu la kushoto akasema, "Si hili hapa, tangu siku ya kwanza." Nikatoa kitambulisho. Kushoto. Picha ya shule, kushoto. Nikamweleza mama mambo ya wembe, akacheka, akanieleza kwa upole kwamba kioo hugeuza vitu, na hilo huwachanganya wengi.

Nikarudi Gesima mwezi huohuo. Nilimkuta Mzee Ombui kibarazani. Mkaza mwana wake alimletea uji, naye mzee akamuuliza kama yeye hajaunywa tayari. Nilipiga magoti, sikuona haya ya kuonekana. Nikamwambia yote, filamu, leso, choo, baraza. Nikamwambia kovu lilikuwa kushoto, mzee, ulikuwa sahihi, ulikuwa sahihi tangu siku ile.

Akanisikiliza hadi mwisho. Akaweka kiganja chake kichwani pangu.

"Wewe ni mtoto mzuri," akasema. "Lakini usinidanganye ndio nifurahi. Watoto walinielezea. Mtu akizeeka ni hivyo."

Nilikwenda pia kwa naibu wa chifu. Akaniuliza ushahidi. Akaniuliza ni lini nilisema kweli, siku ile au leo. Chai ile haijarudi. Mzee amekwisha kufa, akazikwa upande wa kulia wa nyumba kama ilivyo ada kwa baba, na Moraa wake upande wa kushoto. Programu yake haikuletwa kwangu. Kama Moraa alipata lango, sijui. Niliacha kazi za mazishi, na hadi leo uso wa mtu siugusi. Ukija kwangu na picha inayotazama nje ya karatasi, nitaiacha itazame nje.

Sikuombi uniamini kuhusu mama mwenye leso. Nakuomba hili moja. Mtu akikushika mkono akakwambia, huyu ni wangu lakini huu si upande wake, usimcheke, na usimfundishe kulia na kushoto. Usingoje kesho kumwambia kweli, maana kesho hataikubali. Mimi asubuhi ya leo nimenyoa. Ni miaka mingi sasa, na mkono wangu ulipofika shavu la kulia ulipunguza mwendo, ukazunguka mahali ambapo kila mtu anayenipenda ameniapia hapajawahi kuwa na kitu.